Herufi za Bodoni na Macho ya Mtoto

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la pili, katika shule ya msingi ambayo hatutaitaja, tukifuatilia somo la kusoma. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vyema. Alikuwa ametunga hadithi fupi ya sentensi kumi, akaipiga kwa kompyuta, na kila watoto watatu walikuwa na karatasi moja mbele yao. Sentensi ya nne ilisema: “Baba ana mbuzi.” Mtoto mmoja aliitwa asimame asome. Akasoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno: “Baba aua mbuzi.” Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia atazame vizuri. Mtoto akainama, akatazama vizuri, akasoma tena: “Baba aua mbuzi.” Akaambiwa aketi.

Nasi yatupasa kukiri kosa letu. Tuliandika katika daftari la ukaguzi kwamba mtoto yule bado hajaweza kupambanua herufi n na u. Somo lilipokwisha tuliiomba ile karatasi tukaitazama wenyewe. Ilikuwa nakala iliyotolewa katika nakala nyingine, kwa mashine ambayo wino wake ulikuwa ukielekea kwisha. Kila mstari mnene ulionekana, na kila mstari mwembamba ulikuwa umefifia au umetoweka kabisa. Katika herufi n, kile kipinda chembamba kinachoziunganisha nguzo zake mbili kwa juu hakikuwapo. Zilibaki nguzo mbili nene zimesimama sambamba, na hapakuwa na alama ya kutosha ya kumwambia msomaji kama zimeungana juu au chini. Mtoto alikuwa amesoma kile kilichokuwa mbele yake. Tulilifuta neno letu daftarini, lakini kicheko cha darasa hatukuweza kukifuta.

Tulipomwuliza mwanachuo kwa nini alizichagua herufi zile, alijibu kwamba zinapendeza, na kwamba zinaipa karatasi heshima. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi. Herufi alizozichagua zinaitwa Bodoni, na kwa zaidi ya miaka 200 watu wenye ujuzi wa kupiga chapa wamezisifu kwa sababu hizo hizo. Lakini uzuri wa herufi ni jambo moja, na kufaa kwake kwa kazi fulani ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza herufi hizo ni za namna gani, zilitokea wapi, na mahali pake ni wapi katika kazi ya mwalimu wa shule ya msingi. Rai yetu ni kwamba kuchagua sura ya herufi ni sehemu ya maandalio ya somo, sawa na kuchagua msamiati, na mwalimu anayeiachia mashine imchagulie ameiacha sehemu ya kazi yake.

Tabia ya herufi hizi

Mtu akitaka kuijua herufi ya Bodoni na atazame mambo matatu. La kwanza ni tofauti kubwa baina ya mistari minene na mistari myembamba. Nguzo ya herufi ni nene na nyeusi, na kiungo chake ni chembamba mithili ya unywele. La pili ni vile vijistari vidogo vinavyokata ncha za herufi, ambavyo wapiga chapa huviita serifu. Katika herufi za kale zaidi, serifu huungana na nguzo kwa mkunjo laini, kama mguu wa mti unavyopanuka kuingia ardhini. Katika Bodoni serifu ni mstari mwembamba ulionyooka, uliokutana na nguzo kwa pembe kali bila mkunjo wowote. La tatu ni wima wake. Sehemu nene ya herufi o iko kushoto na kulia kabisa, na sehemu nyembamba iko juu na chini kabisa, kana kwamba herufi imepimwa kwa timazi.

Tofauti hii ya unene na wembamba ilitokana na kalamu. Waandishi wa mwambao wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliijua vyema, kwa maana kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa hutoa mstari mnene ikivutwa upande mmoja na mwembamba ikivutwa upande mwingine. Huko Ulaya nako herufi za kwanza za chapa ziliiga kalamu ya ncha bapa. Baadaye, katika karne ya 17 na ya 18, mafundi wa mwandiko walipendelea kalamu yenye ncha kali, ambayo mstari wake hunenepa mkono unapokandamiza na hukonda mkono unapolegea. Wachongaji wa bamba za shaba nao waliweza kuchora mistari myembamba kupita kiasi. Macho ya watu yakauzoea wembamba huo, na wapiga chapa wakatamani kuuleta katika vitabu.

Asili yake

Wa kutajwa kwanza ni Mwingereza John Baskerville wa Birmingham. Kabla ya kupiga chapa alikuwa mwalimu wa mwandiko, na jambo hilo lapasa kutufurahisha sisi walimu. Mwaka 1757 alitoa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kwa herufi zenye tofauti ya unene kubwa kuliko zile zilizozoeleka nchini mwake. Baskerville alielewa kwamba herufi za namna hiyo haziwezi kusimama peke yake. Alitengeneza wino mweusi zaidi, akatumia karatasi laini, na karatasi zilizokwisha kupigwa chapa alizikandamiza kati ya bamba za shaba zilizopashwa moto. Herufi, wino na karatasi vilikuwa kwake kazi moja.

Giambattista Bodoni alizaliwa mwaka 1740 katika mji wa Saluzzo, kaskazini mwa Italia, katika nyumba ya mpiga chapa. Akiwa kijana alifanya kazi Roma katika matbaa ya idara ya Kanisa Katoliki iliyoshughulikia uenezaji wa dini, ambako alizoea kupanga herufi za lugha za mashariki. Mwaka 1768 mtawala wa Parma alimwita aongoze matbaa yake, na Bodoni alikaa katika mji huo hadi alipofariki mwaka 1813. Hakuanza kwa kubuni. Kwanza alitumia herufi za Mfaransa Fournier, kisha akaziiga, na hatimaye akaziacha nyuma. Wakati huo huo, mjini Paris, ukoo wa Didot ulikuwa ukielekea huko huko, na Firmin Didot alichonga herufi zenye serifu za unywele katika miaka ya 1780. Ndiyo sababu herufi za Bodoni na za Didot hutajwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja.

Bodoni aliandaa kitabu kikubwa cha vielelezo vya herufi zake zote, na mjane wake, Margherita Dall'Aglio, alikitoa mwaka 1818 katika majuzuu 2. Katika utangulizi wake Bodoni alitaja mambo manne yanayoipa herufi uzuri: ulinganifu wa sehemu zake, usafi wa mistari yake, uchaguzi mwema wa umbo, na haiba. Zana zake nyingi bado zimehifadhiwa Parma katika jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 1963.

Jambo moja katika kazi yake lina maana kubwa kwa mada yetu. Zamani hizo kila herufi ilichongwa kwa mkono katika ncha ya kipande cha chuma cha pua, chuma kikagongwa katika shaba ili kufanya kalibu, na kalibu ikamiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kila ukubwa wa herufi ulihitaji kuchongwa upya. Mchongaji alipochonga herufi ndogo, aliinenepesha kidogo mistari myembamba ili isipotee, na alipochonga herufi kubwa aliweza kuiacha iwe myembamba atakavyo. Kompyuta aghalabu haifanyi hivyo. Huchukua mchoro mmoja ikaukuza au ikaupunguza, na mstari wa unywele uliochorwa kwa kichwa cha habari hupunguzwa pamoja na herufi hata ukawa karibu si kitu. Kampuni ya ITC ililiona tatizo hili, na mwaka 1994 ikatoa Bodoni ya michoro mitatu tofauti: mmoja wa ukubwa wa pointi 6, mmoja wa pointi 12, na mmoja wa pointi 72. Pointi 72 ni sawa na inchi moja. Lakini kompyuta nyingi za vyuo na shule zetu hazina michoro hiyo mitatu. Mwalimu hupewa Bodoni moja, na hiyo moja huitumia kwa kila kitu.

Kwa nini haifai kwa msomaji anayeanza

Hebu sasa tuliweke jambo hili katika lugha yetu. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo irabu ndizo herufi ambazo jicho la mtoto hukutana nazo daima. Katika Bodoni, mstari wa katikati ya herufi e ni unywele. Ukitoweka, e huwa c, na “meza” huwa “mcza” machoni pa mtoto. Mtu mzima hasumbuki, kwa kuwa anajua kwamba katika Kiswahili c hufuatwa na h. Jicho lake hulisahihisha neno kabla hata hajatambua kwamba limeharibika. Mtoto wa darasa la kwanza hana akiba hiyo. Yeye husoma herufi baada ya herufi, na herufi moja ikimdanganya neno zima humponyoka. Hali kadhalika n na u, ambazo tumekwisha kuzitaja, na m, ambayo ikipoteza vipinda vyake viwili huwa nguzo tatu zisizo na jina.

Tena yafaa kukumbuka mtoto alijifunza herufi kutoka wapi. Alizijua kwanza ubaoni. Chaki ya mwalimu hutoa mstari wa unene mmoja, na penseli ya mtoto vilevile. Herufi a ya ubaoni ni duara lenye kijiti ubavuni, na g ni duara lenye mkia. Kisha mtoto huyo huyo anapewa karatasi ambayo a ina paa juu ya tumbo lake, g ina vitundu viwili kimoja juu ya kingine, na kila herufi ina upande mnene na upande mwembamba. Hatusemi kwamba mtoto asikutane kamwe na maumbo hayo. Atakutana nayo katika vitabu, na ni wajibu wetu kumfundisha kwamba ni herufi zile zile. Tunasema kwamba jambo hilo ni somo lenyewe, na lifundishwe kwa siku yake. Lisitegwe kama mtego ndani ya somo la kitu kingine.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba haya ni mambo ya wapiga chapa, si ya walimu. Zamani, vitabu vyote vilipotoka matbaani, pengine hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Leo mwalimu mwenyewe ndiye mpanga chapa. Anaandika zoezi jioni, analitoa kwa printa au kwa mashine ya nakala asubuhi, na hapana mtu wa matbaa aliye kati yake na mtoto. Kazi ikihama, wajibu wake huhama pamoja nayo.

Mtu mmoja, kazi mbili

Mwanachuo mmoja, baada ya kusikia kisa cha ile karatasi, alisema kwamba basi Bodoni ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatukubaliani naye. Historia inatoa mfano unaoonyesha njia iliyo bora zaidi.

Katika karne ya 19 herufi za jamii ya Bodoni na Didot zilienea kila mahali, nyingi zikiwa zimechongwa vibaya, na wasomaji walichoshwa na mistari isiyoonekana. Huko New York, mpiga chapa Theodore Low De Vinne aliyechapa jarida la Century alitaka herufi yenye mistari minene zaidi kidogo, na katika miaka ya 1890 Linn Boyd Benton alimtengenezea. Mwanawe, Morris Fuller Benton, aliendelea na kazi hiyo. Kampuni ya vitabu vya shule ya Ginn ilipotaka herufi itakayosomeka kwa urahisi na watoto, Benton alizingatia uchunguzi uliokuwa umefanywa juu ya usomaji, akaifanyia kazi ile herufi ya Century: akainenepesha mistari myembamba, akapanua matundu ya ndani ya herufi, akaongeza nafasi baina yake. Herufi hiyo ilikamilika karibu mwaka 1920, na jina lake hadi leo ni Century Schoolbook, yaani Century ya kitabu cha shule.

Sasa linganisheni, ndugu wanachuo. Morris Fuller Benton huyo huyo ndiye aliyeifufua Bodoni nchini Marekani karibu mwaka 1910, na Bodoni yake ilipendwa sana katika matangazo na vichwa vya habari. Aliipenda Bodoni kiasi cha kuirudisha duniani. Lakini alipoulizwa juu ya watoto, hakuwapelekea Bodoni. Alikaa akatengeneza nyingine. Tungependa kila mwalimu awe na busara hiyo ya kupenda kitu na papo hapo kujua mpaka wake.

Mahali pake

Basi Bodoni itumiwe wapi? Itumiwe pale ambapo herufi ni kubwa, maneno ni machache, karatasi ni nzuri, na msomaji amekwisha kujua kusoma. Jina la gazeti la shule likipigwa kwa Bodoni ya pointi 48 litasimama kwa heshima. Cheti cha mwanafunzi aliyehitimu, mwaliko wa siku ya wazazi, jalada la kitabu cha mashairi ya darasa la saba, bango lenye maneno matatu ukumbini: hapo ndipo nyumbani kwake. Si bure kwamba Vogue, jarida la mitindo, limeandika jina lake kwa herufi za jamii hii kwa miaka mingi.

Itakapotumiwa ipewe nafasi. Kwa kuwa nguzo zake ni nyeusi na zimesimama wima, mistari ikisongamana ukurasa huwa kama ua la miti, na jicho halioni njia ya kupita. Bodoni mwenyewe aliacha pambizo pana na nafasi kubwa baina ya mistari. Anayeiminya Bodoni ili aokoe karatasi amenunua kanzu ya harusi akailime nayo shamba.

Kwa karatasi za mazoezi ya madarasa ya chini, chagueni herufi yenye mistari iliyokaribiana kwa unene, ikiwezekana yenye a na g za umbo la ubaoni. Sisi hupendekeza pointi 18 au zaidi kwa darasa la kwanza na la pili. Wala msione haya kuandika kwa mkono. Mwandiko safi wa mwalimu, wa kalamu ya unene mmoja, unaweza kuishinda fonti yoyote, kwa maana ndio mwandiko ambao mtoto anaujua.

Jaribio kabla ya somo

Hata hivyo hatutaki mtuamini sisi tu, kwa sababu jicho la mtu mzima hudanganywa na mazoea. Mwaka 1760 Benjamin Franklin alimwandikia Baskerville barua yenye kisa cha bwana mmoja aliyedai kwamba herufi za Baskerville zitawapofusha wasomaji wote wa nchi. Franklin aliingia chumbani mwake akachukua karatasi ya vielelezo vya Caslon, mtengenezaji wa herufi za chapa ambaye herufi zake bwana yule alikuwa akizisoma siku zote bila kulalamika. Akaichana sehemu ya juu yenye jina, akamletea akisema kwamba ni ya Baskerville, na kumwomba amwonyeshe kasoro. Bwana yule akazionyesha moja baada ya nyingine, akadai kwamba hata kuzisoma kulimwumiza macho.

Kisa hiki kinatuonya pande zote mbili. Anayeipenda Bodoni asiitumie kwa kuipenda tu, na aliyesoma makala haya asiikatae kwa kuwa mkufunzi amesema. Fanyeni jaribio, nalo halichukui zaidi ya nusu saa. Pigeni sentensi zile zile tano kwa sura mbili za herufi. Zitoeni kwa mashine ile ile, kwa karatasi ile ile, mtakayoitumia siku ya somo, kwa maana kioo cha kompyuta hung'arisha hata mstari ambao wino hautaufikisha. Kisha waiteni watoto watatu, mmoja wao awe yule anayesoma kwa shida, wasome karatasi zote mbili. Msiwaulize ipi inapendeza. Sikilizeni wanajikwaa wapi, na kila wanapojikwaa itazameni herufi kabla ya kumtazama mtoto.

Mpangilio huo ndio tuliokosea sisi siku ile katika darasa la pili: tulimtazama mtoto kwanza. Yule mwanachuo, kwa sifa yake, aliipiga karatasi upya usiku ule kwa herufi nyingine, na asubuhi akamwita mtoto yule yule asome sentensi ya nne. Alisoma, “Baba ana mbuzi,” akaendelea hadi ya kumi bila kusimama. Kisha mwalimu akaliambia darasa, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba jana karatasi ndiyo iliyokosea.